Fundi na Mwanagenzi Wake: Maswali Mnayoniuliza Kuhusu Kitabu cha Pili

Tangu niseme hadharani kwamba hadithi ya Fundi ina kitabu cha pili, simu yangu haipoi. Wengine hunikamata sokoni nikichagua migebuka, na muuza samaki husikiliza kwa makini kuliko anavyonipimia. Nimeamua kuyaweka hapa maswali yanayorudi kila mara, ili nikiulizwa tena nielekeze kidole huku. Kama hujasoma kitabu cha kwanza, ujue nitafichua mengi.

Lazima nisome cha kwanza ndipo nianze cha pili?

Si lazima, ila utakuwa kama mtu aliyefika msibani siku ya tatu. Utajua nani amekufa, lakini hutajua kwa nini shangazi hasemi na shemeji yake.

Kwa ufupi: tuko Kigoma, mwaka 2091. Ziwa Tanganyika limepata joto na dagaa wameadimika. Mhandisi mmoja, ambaye kila mtu humwita Fundi, anafunga pampu zinazonyonya maji yenye rutuba kutoka chini kabisa na kuyapandisha juu. Dagaa wanarudi, watu wanamwimbia. Baadaye anagundua kwamba mwenye swichi ndiye anayeamua kijiji gani kishibe na kipi kilale njaa, na ladha hiyo haimtoki tena mdomoni. Binti wa miaka 14, ambaye Fundi alimwokota ufukoni Kibirizi na kumfundisha kazi, ndiye anayemsaliti. Kitabu kinaisha Fundi akitumbukia majini kwenye mdomo wa mto Malagarasi, na binti amebaki na funguo za mitambo.

Cha pili kinaanza miaka mitano baadaye. Funguo bado anazo. Tatizo ndilo hilo.

Fundi si alikufa? Tulimwona akizama!

Mliona akizama. Kufa hamkuona.

Nashangaa swali hili linatoka Kigoma, mji ambao meli yake maarufu kuliko zote ilishawahi kuzama na kurudi kazini. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa kwenye reli, ikaungwa upya hapa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walizidiwa, wakaamua kuizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, ili adui asiipate. Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda: kabla ya kuizamisha, mafundi waliifunika mitambo kwa grisi nene. Mtu anayepaka grisi kitu anachokizamisha hajakata tamaa nacho. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na kufikia 1927 ilikuwa inabeba abiria, safari hii ikiitwa Liemba.

Nilipoandika ule ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kwanza niliweka sentensi moja ambayo wengi waliiruka: asubuhi ya siku ile Fundi alinunua mkebe wa grisi. Rudini mkaitazame. Mhariri alitaka kuifuta, akisema haina kazi. Nikamwomba aiache tu.

Hizo pampu zina ukweli wowote, au ni mambo ya kichawi yaliyovalishwa koti la sayansi?

Pampu nimezitunga. Ziwa sijalitunga.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake inayolipita. Urefu wake ni kama kilomita 670. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki hata mmoja. Upande wetu wa kaskazini, ukishuka kama mita 100 tu oksijeni imekwisha, na chini ya hapo kuna maji yenye harufu ya yai viza. Ukimshusha mgebuka huko anakufa. Kwenye kitabu nayaita "maji mafu", na wasomaji wengi wanadhani ni jina la kubuni la kutishia watoto. Nimebuni jina, basi. Yenyewe yako chini ya mtumbwi wako sasa hivi.

Na watu hudhani kina hicho ni baridi kama barafu. La hasha. Kule chini ni kama nyuzi 23 za Selsiasi, wakati juu ni nyuzi 25, 26, 27 kutegemea msimu. Tofauti ni ndogo hivyo, lakini inatosha kuyatenga maji mawili kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi: mepesi juu, mazito chini, na hayachanganyiki ovyo. Rutuba inayolisha vijimea, vinavyolisha vijidudu, vinavyolisha dagaa, imezama kwenye yale mazito. Kazi ya kuipandisha hufanywa na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini huinuka kuziba pengo. Upepo ukilegea, matabaka yale hubembea polepole kwa majuma, kama maji kwenye karai ulilolibeba vibaya.

Ziwa likipata joto, maji ya juu huwa mepesi zaidi na upepo hushindwa kuyakoroga. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yao kuhusu jambo hilihili: joto limeongezeka, mchanganyiko umepungua, chakula cha samaki kimepungua nacho. Nilichofanya mimi ni kuvuta uzi huo miaka tisini mbele na kumweka mtu mwenye akili nyingi mahali ambapo upepo umeshindwa.

Sasa angalia uzuri wa uovu wenyewe. Pampu inayopandisha rutuba kidogo kidogo inalisha watu. Pampu hiyohiyo ukiifungulia yote kwa pamoja inapandisha maji mafu yasiyo na hewa, na asubuhi ufuko mzima umejaa samaki waliogeuka matumbo juu. Hakuna bomu hapo. Ni koki tu, na mkono unaoizungusha. Ndiyo maana nilimpa Fundi kazi ya ufundi bomba badala ya ujenerali.

Ziwa letu linaweza kulipuka kama wanavyosema kuhusu Kivu?

Hapana, na naomba wanaosambaza sura ya 22 ya kitabu cha kwanza kama "onyo" waache. Kivu lina gesi nyingi ya methani na kabonidioksidi iliyoyeyuka kilindini. Upande wa Rwanda wanaivuta methani hiyo na kuzalisha umeme. Mkasa unaowatisha watu ni ule wa ziwa Nyos, Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, kabonidioksidi ilipotoka kwa ghafla na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Tanganyika halina shehena ya namna hiyo. Maji ya Kivu hutufikia kupitia mto Ruzizi, lakini hayaji na balaa hilo.

Katika sura ile, ni Fundi anayewaambia wanakijiji kwamba ziwa litalipuka. Anawadanganya. Binti anajua, na ananyamaza. Naona wengine walidanganywa pamoja na wanakijiji. Kwa upande wangu kama mwandishi ni sifa, ila kama jirani yenu nasikitika.

Kaka, tuambie ukweli: Fundi ni mtu mbaya, au unataka tumpende?

Hili ndilo nililoulizwa mara nyingi kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike kitabu cha pili. Nitalijibu kwa kirefu.

Nikiwa na miaka kumi na moja nilipelekwa wakati wa likizo kwa fundi wa karabai. Enzi hizo dagaa walivuliwa kwa karabai, kabla ya taa za sola kuenea, na mtu mwenye mkono mzuri wa karabai hakukosa kazi: kuzibua nozeli, kubadilisha utambi, kuziba tangi linalovuja. Alikuwa mpole ajabu. Alinipa kiti chake, yeye akakaa kwenye ndoo. Mchana tulikula ugali sahani moja, na mnofu wa mgebuka aliusukuma upande wangu. Hakuna aliyewahi kunieleza kitu kwa subira namna ile.

Juma la pili akanifundisha jambo jingine. Ukimaliza kuitengeneza taa ya mteja, nozeli unailegeza kidogo, robo ya mzunguko, si zaidi. Itawaka vizuri mbele yake. Itawaka vizuri siku kumi. Halafu itaanza kuzimika akiwa katikati ya ziwa, na atarudi. "Ukiikaza kabisa, mwanangu, sisi tutakula nini?" Hilo "mwanangu" lilikuwa la kwanza. Nilifurahi mno kuitwa hivyo hata sikufikiria yule mtu kule majini gizani. Nililegeza nozeli likizo nzima. Nilikuwa na mkono mwepesi, alinisifu.

Mhusika wa Fundi ametoka hapo. Siku hizi nikisoma hadithi zenye mwovu anayecheka peke yake kwenye chumba chenye giza, najiuliza alipataje mwanagenzi. Nani angebaki naye hata wiki? Uanagenzi ni kukaa karibu na mtu, kula naye, kuiga anavyoshika bisibisi hadi mikono yenu ifanane. Wazee wamesema samaki mkunje angali mbichi, na sisi huwa tunalitamka kwa sauti ya mwalimu mkuu, kana kwamba kila anayekunja anakunja kuelekea pazuri.

Kwa hiyo, ndiyo, nataka umpende. Katika kitabu cha kwanza Fundi humwita binti "wewe" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika cha pili, anaporudi, neno la kwanza analotamka mlangoni ni "mwanangu". Msomaji mmoja niliyempa rasimu aliniambia alitokwa na machozi hapo. Mimi nilisisimkwa na hofu. Sote wawili tuko sahihi, nadhani.

Na yule samaki anayeonekana kila sura ni wa kweli?

Wa kweli kabisa. Nimemweka kwa sababu sikuweza kubuni kitu cha kutisha zaidi yake.

Katika Tanganyika kuna samaki wengi wa jamii ya sato ambao mama hutamia mayai kinywani. Anayataga, anayaokota mara moja, anayafunga mdomoni hadi vifaranga vianguliwe. Sasa kuna samaki mwingine, mwenye sharubu na madoadoa, wa jamii ya kambare, anayevizia saa hiyo ya kutaga. Anapita katikati ya vurugu na kumwaga mayai yake. Mama wa watu anaokota yote bila kubagua. Ya mgeni huanguliwa mapema, na vifaranga vyake hula vya mwenye nyumba mumo humo kinywani, huku mama akiwa amefumba mdomo kwa uangalifu, akilinda.

Wengi wamesoma hapo wakasema: aha, binti ndiye kambare, aliingia nyumbani kwa Fundi na kumla. Wengine wamesema Fundi ndiye aliyetupia yai lake kinywani mwa mji. Kuna barua moja ilisema kinywa ni Kigoma yenyewe. Nimezipenda zote. Binti mwenyewe, katika sura ya sita ya kitabu kipya, anaulizwa swali hilo na anajibu: "Mimi nataka kujua mama alionja nini." Zaidi ya hapo siongezi.

Kwa nini mwanagenzi ni msichana?

Nilipomwandika mvulana, kila mtu aliyesoma alidhani ni mimi. Nikachoka.

Sababu ya pili: wanawake ndio wanaokausha, wanaopanga bei na wanaouza dagaa ufukoni. Mtoto aliyekulia kwenye vichanja vya dagaa vya Kibirizi anajua hesabu ya njaa kuliko mhandisi. Fundi anajua maji, binti anajua bei. Katika kitabu cha pili ndiyo silaha yake, na hakufundishwa na Fundi.

Ni kweli uliandika wakati ziwa limefungwa?

Nilianza wakati huo. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Ilikuwa ajabu kwenda ufukoni jioni na kuona mitumbwi imepanga foleni mchangani, nyavu zimeanikwa, na usiku ziwa halina ule mji wa taa tuliouzoea tangu utotoni. Giza tupu hadi Kongo.

Sina ubishi na uamuzi wenyewe. Samaki wanahitaji kupumua, na aliyeona dagaa wanavyopungua ataelewa. Ila mwandishi ana kichwa kibovu. Nilikaa pale nikawaza: kama kesho mtu mmoja, peke yake, bila mkataba wa nchi yoyote, angeweza kuzizima taa zile na kuziwasha anapotaka? Usiku huohuo niliandika mandhari ya binti akiwa amesimama kwenye kilima cha Mwanga, na kidole kwenye swichi, akitazama ziwa lisilo na taa. Ameizima yeye, kwa sababu nzuri kabisa. Anagundua kwamba ameipenda ile hali.

Wanyamwezi tumekukosea nini? Tabora imetajwa mara moja tu!

Nimesikia. Safari hii Tabora imepata sura nne, na si kwa kuogopa ugomvi.

Binti anapotoroka Kigoma anapanda treni kuelekea mashariki, kwenye tuta lilelile la reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Ukisafiri kutoka ziwani, Tabora ndipo mahali unapolazimika kuamua: reli ya Mwanza inaachana hapo na ile ya Dar es Salaam. Na kabla ya reli ilikuwa hivyohivyo. Misafara iliyotoka pwani iligawanyika hapo, mingine ikishika njia ya Ujiji, mingine ikienda kaskazini. Mji ambao kwa karne mbili watu wamekuwa wakifika na kujiuliza "sasa huku au huku?" ulifaa sana kwa mtu aliyekimbia mwalimu wake na hajui anakwenda kuwa nani.

Anapata kazi kwa mzee wa mizinga ndani ya miombo. Huko anafundishwa upya, na mtu asiye na haja ya kuitwa fundi. Mzee huyo hamwachii binti mzinga hata mmoja kwa miezi mitatu. Kazi yake ni kusikiliza nyuki tu. Wahakiki wangu wa nyumbani wanasema sura hizo ni za polepole. Ni kweli. Asali haitoki kama soda.

Unapata wapi maneno? Tumezoea hadithi za kisayansi za Kiswahili zikiwa zimejaa maneno marefu ya kamusi.

Kanuni yangu ni moja: kama mvuvi ana neno, la mvuvi ndilo linaingia. Sikuwa na haja ya istilahi ya saa za kufanyia kazi mitambo. Wavuvi huhesabu mwezi wao kwa giza na mbalamwezi, basi mitambo ya Fundi nayo ina zamu ya giza na zamu ya mbalamwezi. Chombo chake cha kuzamia kinaitwa kipe, kwa sababu kina viunzi viwili vilivyofungwa pamoja kama kipe cha dagaa, ile mitumbwi miwili iliyounganishwa. Tanuri la nishati wanaliita karabai. Kwa nini wasiliite? Watu wa 2091 watakuwa na babu pia.

Pale ambapo hakuna neno la mvuvi nimeandika tu sensa (ya mashine, si ya kuhesabu watu), roboti, programu, na maisha yakaendelea.

Fundi ni kiongozi fulani, sivyo?

Hapana.

Kuna mapenzi?

Kuna kijana wa boti za abiria za kwenda Gombe. Anatongoza vibaya sana. Ndiyo yote.

Kitabu kinaitwaje na kinatoka lini?

Jina bado tunabishana na mchapishaji. Kwenye kompyuta yangu faili linaitwa "1470", na mimi ningeliacha hivyo. Yeye anasema mteja dukani hawezi kuomba namba. Rasimu ya mwisho iko kwa mhariri; tarehe nikiitaja sasa nitakuwa nalegeza nozeli.

Cha tatu je?

Nikisema hakuna, hamtaniamini, maana nilisema hivyo mara ya kwanza.

Nimeona kosa kwenye kitabu cha kwanza. Nikuambie?

Niambie. Kosa kubwa kuliko yote nililetewa na mzee mmoja wa Katonga, aliyesubiri mpaka watu wakatawanyika ndipo akanisogelea. Akasema kitabu amesomewa na mjukuu wake, na amekipenda, lakini kuna jambo linamnyima usingizi. Sura ya 17, ile ya vita vya usiku, nimeandika kwamba mitumbwi mia moja imewasha taa ikivua dagaa, na juu yao mwezi mpevu unang'aa kama sinia.

"Mwanangu," akaniambia, "nani anavua dagaa kwa taa mwezi ukiwa hivyo? Dagaa wataifuata taa ya nini, wakati ziwa zima ni jeupe?"

Nilisomeshwa na ziwa hilo, nikatengeneza taa za wavuvi wake, na bado niliandika hivyo kwa sababu ilipendeza. Sasa nina kalenda ya mwezi ukutani juu ya meza. Katika kitabu cha pili kuna usiku mwingine wa vita, sura ya 19. Tarehe nimeikagua mara tatu. Ni giza.